Pingamizi Kutoka Kwenye Mtungi

Wenzangu wa stendi, leo nimeadhirika. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Katumba, maana wao watatia chumvi.

Lori langu la tumbaku mnalijua. Leo mdogo wangu Yona alikuwa anaoa, na mimi ndiye nilikuwa wa kubeba maharusi. Honi ya upepo ninayo, ila tenki lake lilikuwa dogo, ukipiga mara mbili inakohoa. Basi nikampelekea fundi Masanja, mchomeleaji wa sokoni, mtungi mkuukuu wa oksijeni. Mrefu kuliko mke wangu. (Na mke wangu si mfupi.)

Masanja akauzunguka. "Kaka, honi tu ndiyo unaitafutia dude lote hili?"

"We funga. Nataka wasikie mpaka Sitalike."

Akaufunga chini ya bodi, kompresa ya lori ikaujaza upepo. Kamba ya honi nikaipitisha dirishani, ikaning'inia nje ya mlango. Maharusi wakitoka kanisani niivute nimesimama chini, watu wote wanione. (Sifa, jamani. Sifa zitaniua.)

Tukafika Katumba salama. Nikaegesha ubavuni mwa kanisa, nikaingia na suti yangu ya kuazima. Ibada ikaenda vizuri mpaka mchungaji alipotutazama, akasema, "Kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa."

Mchungaji akafunua ukurasa aendelee.

Poooooooo!

Watu wakaruka kwenye mabenchi. Honi ikaendelea, wala haipumui. Tenki la zamani lingeshakata, lakini mtungi wangu ndio kwanza ulikuwa unaanza. Baba wa bibi harusi, mzee asiyecheka hata siku ya sikukuu, akasimama. "Mchungaji, simamisha. Mwanangu haolewi mpaka nimjue anayepinga." Bibi harusi machozi. Yona akanitazama, nikatamani ardhi inimeze.

Nikatoka mbio. Kumbe mgeni mmoja kaleta mbuzi wa zawadi, kakosa pa kumfunga, akaiona kamba yangu. Mbuzi akifuata majani, anavuta. Honi ikilia anaogopa, anavuta zaidi. Nikahangaika na lile fundo mpaka upepo ukaisha wenyewe.

Nikarudi ndani jasho linanitiririka. Kanisa zima limegeuka kunitazama.

"Aliyepinga ni nani?" mchungaji akauliza.

"Ni mbuzi, mchungaji."

"Mbuzi?"

"Ndiyo. Yuko nje."

Baba wa bibi harusi akatoka kuhakikisha mwenyewe. Tukamsubiri, Yona analoa jasho kuliko mimi. Mzee aliporudi alikuwa kaziba mdomo kwa kofia, mabega yanatikisika.

"Endelea, mchungaji," akasema. "Nimemwona. Hana sababu ya msingi."

Ndoa ikafungwa. Maharusi wakatoka, nikaivuta kamba kwa mbwembwe zangu zote. Haikutoa hata kikohozi. Akina mama wakapiga vigelegele kunisitiri. Mpiga picha alikuwa kabakiza picha moja tu kwenye mkanda, na ameimalizia kwangu mimi na mbuzi.

Nawaomba msinicheke. Pingamizi lenyewe tumeshalila, na wali wa mchele wa kutoka kijiji cha Mamba.