Kunyimwa Jiko kwa Kosa la Kumkirimu Mkaguzi

Kikundi cha Sufuria ya Jirani,
Kibokoni, Mombasa.
29 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Ruzuku,
Mfuko wa Mkono Mwema,
Tudor.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini. Sisi hatujambo. Jiko letu nalo, kwa mujibu wa ripoti yenu, halina neno kabisa, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni Kenneth Chirau, katibu wa kikundi kinachowapikia chakula cha mchana wazee thelathini na wanne wa Kibokoni na Majengo wanaoishi peke yao. Tunapika uani, kwa kuni, chini ya mabati yaliyotoboka. Mvua ikinyesha moto huzimika, na wazee hulala na chai. Tuliwaomba mabati mapya na jiko la gesi kabla ya vuli. Ombi letu lilipata alama themanini na saba kwa mia. Kisha mkaguzi wenu, Bi Jael, akaja kuthibitisha tuliyoandika, na Ijumaa tarehe 26 tukapokea jibu: "Kikundi kina uwezo wa kutosha, jiko ni la kisasa, na wazee wameshiba."

Mimi huandika shajara kila siku, kwa hiyo yafuatayo si ya kukisia.

1. Mlituarifu. Shajara ya tarehe 3 Septemba inasema: barua imefika, mkaguzi atakuja Jumanne tarehe 9. Ndugu Meneja, huwezi kumwambia mtu wa Kibokoni siku sita mapema kwamba unakwenda kwake, halafu ukatarajia kukuta nyumba yake kama ilivyo. Bi Swabaha, mpishi wetu mkuu, alipoisikia barua ile alijifunga leso kiunoni akasema, "Mgeni atoke Tudor aje akute sufuria nyeusi? Halafu binti zangu waposwe na nani?" Nilimweleza kwamba hiyo sufuria nyeusi imo katika ombi, kiambatisho cha tatu, pamoja na picha yake. Akaniambia nimwondokee.

2. Mmehesabu vya watu. Jiko la kisasa mliloliona ni la Bwana Juzer, jirani yetu. Lilibebwa na wanaume wanne kutoka kwake, na siku hiyo watu wa nyumba yake walikula mkate wa dukani. Sahani zenye maua ya dhahabu ni za Bi Sabira, mwenyekiti wetu, na hazijashuka kabatini tangu harusi ya bintiye, Areeba. Hiyo "dari nzuri ya kitambaa" iliyosifiwa katika ukurasa wa pili ni turubai la harusi, tulilolitandaza kuficha matundu. Matundu hayo ndiyo mliyoyajia.

3. Mkaguzi wenu ni mtu mwema mno. Sina ubaya naye. Alikula biriani, akaongezwa, akaonja samaki wa kupaka, akaulizwa kama atakunywa maji ya ukwaju akasema hawezi kukataa. Sasa anaandika kwamba hakuona dalili ya uhaba. Angeionaje, naye ameketi nyuma ya sinia? Ule ulikuwa mchele wetu wa wiki nzima. Kwa tarehe 10, 11 na 12 shajara yangu ina neno moja kila siku: uji.

4. Swali lenu namba saba. Bi Jael alimwuliza Mzee Gunga, mbele ya majirani, kama huwa anakosa chakula. Mzee Gunga ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa amevaa koti la Badruddin muuza misumari na viatu vyangu mimi. Tangu Jumapili hakuwa ametia kitu tumboni ila chai, kwa kuwa Jumatatu hatukupika, tulikuwa tukipaka chokaa. Akajibu, "Mwanangu, Mungu ni mwema, nimeshiba mpaka nimebakisha. Wewe je, umekula?" Mkaandika: ameshiba. Waliulizwa wazee thelathini na wanne, wakashiba thelathini na wanne.

Baadaye nilimfuata nikamwuliza kwa nini hakusema kweli. Aliniangalia kwa huruma. "Kenneth, mtoto wa watu ametoka kwao kuja kunijulia hali, nami nimtwishe njaa yangu arudi nayo?"

5. Kwa hesabu hiyo, kikundi cha wachoyo, kisichomkaribisha mtu wala kufagia ua, kingekuwa na jiko la gesi leo. Sisi tumenyimwa kwa adabu zetu. Kwa kuwa adabu hizo hazitaisha kabla ya mvua, naomba mfanye mojawapo ya haya:

(a) Mtume mkaguzi mwingine bila taarifa, siku ya mvua. Awe mtu asiye na haya, na ikiwezekana anayeumwa tumbo. Akikaribishwa aketi, akatae. Akizuiwa kuingia jikoni, aingie.

(b) Au mtufadhili Mradi wa Kuwafundisha Wazee Kulalamika, semina ya siku tatu. Siku ya kwanza: kutaja njaa mbele ya mgeni. Siku ya pili: kumwona mgeni mlangoni na kunyamaza. Siku ya tatu: mtihani. Ombi lake nimeshaliandika, kurasa kumi na moja, kwa utaratibu ule ule mliotufundisha. Kilichobaki ni kumpata mwalimu. Nimewauliza watu sita hapa mtaani na kila mmoja amesema yeye hana la kulalamikia, kisha akaniuliza washiriki watakula nini.

Mawingu yameanza kukusanyika, Ndugu Meneja. Jana yalidondoka matone machache tu, na Bi Swabaha alipika ameshika mwavuli kwa mkono wa kushoto.

Uwasalimie wote, pamoja na bawabu aliyenipa kiti chake nilipoleta ombi. Bi Jael msalimie kipekee, wazee wanamwulizia.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,

Kenneth Chirau,
Katibu.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nimewasomea wanakikundi, na wamekubaliana na kila neno. Wameomba tu mtujulishe huyo mkaguzi wa kuja bila taarifa atakuja siku gani, na kama anakula pilipili. Kuhusu tumbo lake asiwe na wasiwasi, Bi Swabaha atampikia wali laini na supu ya kuku. Bwana Juzer amesema tukalichukue jiko wakati wowote. Na Mzee Gunga anauliza kama mkaguzi huyo ana wazazi, ili afungiwe na cha kuwapelekea.