Kungwi Haombi Ganzi

Jumatatu, 16 Juni 2025
Gego linanichoma mpaka sikioni. Mke wangu Zuwena kasema nikaling'oe. Rahisi kusema! Yeye hajaiona ile sindano.

Na wakati wenyewe ni huu! Jana tu kwenye kikao cha jando nilisimama kupinga ganzi. Wazazi wa siku hizi wanataka watoto wakatahiriwe hospitali, wachomwe ganzi wasisikie kitu. Nikawaambia mimi ndiye kungwi wa Kilangala, na chini yangu mtoto analia kimyakimya. Shemeji yangu Abdulatifu, anayeutolea macho ukungwi wangu, akasema ganzi ni huruma. Huruma! Wakijua naogopa jino, kesho kungwi ni yeye.

Nimesikia Lindi mjini wanakulaza usingizi, ukiamka jino halipo. Kimyakimya. Nitakwenda.

Jumatano, 18 Juni
Nimeaga kwamba nafuata salfa ya kupulizia mikorosho. Daktari ni binti mdogo, Cecilia. Kasema kwa gego moja ganzi inatosha. Nikamjibu ganzi ni ya watoto, mimi nataka usingizi. Akaniangalia sana, akakubali. Lakini masharti! Nisile asubuhi, na nije na mtu mzima wa kunirudisha nyumbani. Nimekuwa bibi harusi?

Nimemchagua Sipriani, fundi anayejenga kwa jirani. Mtu wa Kipatimu, hana ndugu huku wa kumpelekea umbeya. Akili hiyo.

Alhamisi, 19 Juni
Sipriani kanunua mihogo ya kukaanga stendi. Nimeonja. Kuonja si kula! Daktari kauliza, nikasema sijala. Sipriani, ambaye hakuulizwa, akasema tumekula wote, na pilipili nilijiongezea. Daktari kasema ningeweza kutapika usingizini nikapaliwa, akanirudisha. Nimerudi Kilangala na gego langu. Huyu fundi ni msindikizaji au shahidi wa serikali?

Ijumaa, 20 Juni
Gego limetoka. Sikumbuki chochote. Dawa nzuri mno!

Bahati mbaya Sipriani anakumbuka. Eti kabla daktari hajagusa jino nilimwita mama. Eti nikajikaripia kwa sauti nzito kwamba mwanaume halii. Kisha nikajijibu kwa sauti ya kitoto: siwezi, kungwi, nionee huruma. Tukaendelea hivyo, mimi na mimi, mpaka jino likatoka. Nimesema ni uzushi. Lakini kwenye benchi la nje alikaa Mzee Musa, ambaye mwanawe anaingia jando mwaka huu. Nilipomsalimia aliitikia huku ameinamia viatu vyake.

Magharibi haijaingia, Kilangala nzima inajua. Watu hawana kazi!

Jumapili, 22 Juni
Kikao. Nilijiandaa kuchekwa. Hawakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wamekata shauri watoto waende hospitali, kwa ganzi. Kisha Mzee Musa kasema ukungwi nibaki nao mimi. Niende na watoto, nikae nao, niwashike mikono, maana woga naujua. Hata Abdulatifu akaunga mkono, akasema hakuna anayefaa kunizidi.

Matusi gani haya? Nikasimama. Nikawaambia sijui woga una rangi gani, wamtafute mwoga mwenzao. Wakamgeukia Abdulatifu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Wakampa ukungwi palepale, na watoto wakamfuata nje wakimshika kanzu.

Imeniuma. Zuwena kaniletea chai, nikashindwa kuinywa. Na si kwa huzuni tu: gego la upande wa pili nalo limeanza.

Nimempigia daktari. Kauliza kama safari hii tujaribu ganzi peke yake, kwa kuwa nimeshazoea. Nimemwambia hakunielewa kabisa. Mara ile sikuwa na woga hata kidogo. Dawa ndiyo haikutosha.