Mashine Iliyogoma Kunywa Jumatatu

Wafumaji wote wa mji wa Haslow, hapa Lancashire, Uingereza, walitangaziwa rasmi kwamba kuanzia sasa hakuna kuvumbua kitu chochote mpaka Kamati ya Maendeleo ijiridhishe kwamba kitu hicho hakileti maendeleo.

Mwenyekiti, Bwana Jabez Entwistle, alilipokea jukumu hilo kwa unyenyekevu na wigi jipya. Shauri la kwanza lilikuwa la mjane Tabitha Ogden, aliyemaliza majira mawili ya baridi akiunda mashine ya kusokota nyuzi nane kwa mpigo. Ikishindwa mtihani, inatupwa mtoni.

Mtihani ulifanyika baa. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu mfumaji wa Haslow hagusi kazi, anakunywa. Anayevunja mila hiyo hupandishwa juu ya gogo, akabebwa kwa kelele za masufuria, akachovywa mtoni.

"Suala la msingi ni uadilifu," alisema Entwistle. "Je, mashine hii inaiheshimu Jumatatu?"

Akaiagizia bia. Mashine haikunywa. Akaisogezea jibini. Wapi!

"Inaringa hiyo," alisema Eli Kershaw, shemeji yake Tabitha, aliyeiheshimu Jumatatu tangu alfajiri.

"Haina mdomo, shemeji."

"Mjomba hana meno, mbona anakunywa?"

Entwistle akakohoa kikamati. "Mama Ogden, chombo kisichojua Jumatatu ni hatari. Kitachapa kazi tu."

"Si kimetulia, mzee? Toka asubuhi sijakigusa."

"Kinajifanya! Kamati haidanganyiki."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akalizungusha gurudumu la mashine kwa nguvu zote. Nyuzi nane zikatoka, laini, bila kukatika. Akazidisha mwendo. Jasho likamtiririka, wigi likahamia sikioni.

"Mnaona? Mnaona kazi inavyochapwa?"

Eli akaweka kikombe chini, jambo ambalo mji haujawahi kulishuhudia.

"Samahani, mkubwa. Inachapwa na nani?"

Entwistle akaitazama mikono yake. "Huu ni ukaguzi!"

"Na hilo jasho?"

"La kiofisi!"

Lakini gogo lilikuwa limeshaingia mlangoni, na masufuria yanalia.

Tabitha akaimaliza ile bia ya mashine, isije ikaharibika. Taarifa rasmi ya Kamati inaeleza kwamba mashine ilifaulu kwa utulivu wake, na kwamba Mwenyekiti aliahirisha kikao ili akaukague mto, akianzia chini.