Nilivyomtembeza Mzee Augustino

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Augustino ameshuka kutoka Rombo. Baba yake Severa! Posa yangu iko mikononi mwake, na kabla ya kujibu anataka aone Dar. Nimejitolea kumtembeza. Severa akauliza kama mji naujua. Nikacheka kwa dharau. Ukweli ni kwamba naijua Buguruni ninakolala na Kariakoo ninakouza mashuka. Basi! Habari njema: jirani yangu Humoud amefunga duka tangu jana. Wateja wake wote wamehamia kwangu. Aendelee kupumzika.

Ijumaa, 11 Julai

Magogoni. Tukiwa kwenye pantoni nikamwonyesha mzee ng'ambo, nikamwambia ile ndiyo Zanzibar. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akamwambia mzee: baba, ile ni Kigamboni. Abiria wakacheka mpaka tukashuka. Nikadai nilikuwa natania.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimejifunika shuka, kwa aibu. Kariakoo, mtaa wa nyuma: turubai, viti, masufuria ya pilau. Nikamwambia mzee kuwa hakuna kivutio Dar kama harusi zake, na mgeni hafukuzwi. Nikaingia napiga makofi. Hongereni! Nikauliza bwana harusi yuko wapi.

Akainuka mtu, macho mekundu. Humoud! Ilikuwa hitima ya bibi yake mzaa mama. Maduka yetu ukuta kwa ukuta, na sikuuliza kwa nini amefunga. Mzee akavua kofia, akampa pole, akatoa rambirambi, akaketi na wafiwa. Humoud hakunitukana. Aliniletea sahani ya pilau kwa mkono wake mwenyewe. Heri angenizaba kibao.

Jumapili, 13 Julai

Mzee ameuliza neno moja tu: jirani anafiwa, wewe unauza mashuka? Nimelia mbele ya Severa. Kweli nimelia. Mzee akasema atabaki wiki moja zaidi. Vivutio ameshaviona, sasa anataka kumwona mkwe. Nikaapa moyoni: uongo mwisho leo!

Kisha mdomo huu ukamwambia kesho tutavuka akaone kiwanja changu cha Kigamboni. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Sina kiwanja. Humoud anacho, kizuri, kina ukuta. Na wiki hii yuko msibani, hawezi kutokea kule.