Tende za Ramadhani Zauzwa Desemba

Jumatatu, 29 Desemba 2025
Siku tatu kabla ya kufunga mwaka. Faida ya kampuni yetu ya tende: laki nne. Shangazi Mwanakuu alishasema mbele ya ukoo mzima: isipofika milioni mbili, kiti changu cha umeneja anampa Abdulbasit. Abdulbasit, mtoto wa ami yangu! Mtu anayelipia kahawa kwa sarafu moja moja. Haiwezekani. Kiti hakitoki.

Nimepata wazo. Ghalani kuna makatoni elfu mbili ya Ramadhani. Ramadhani ni mwezi wa pili. Ya nini kungoja?

Jumanne, 30 Desemba
Nimezunguka na pikapu tangu alfajiri. Gunga, mwenye duka la jumla upande wa Kilindini, aliniuliza nani anunua tende sasa. Nikamwambia azichukue tu, alipe mwezi wa tatu, zisipotoka arudishe. Ila asimwambie mtu. Akasema kwa masharti hayo hata mawe angechukua. Wenzake nao wakakubali. Ghala jeupe!

Loise, karani wetu, aliandika ankara huku amenuna. Aliuliza Ramadhani yenyewe tutauza nini. Maswali ya karani hayo.

Jumamosi, 3 Januari 2026
Mkutano wa ukoo nyumbani kwa Shangazi, Kizingo. Nikasimama, nikasoma: milioni mbili na laki mbili. Abdulbasit akakohoa. Shangazi akanibusu paji la uso. Raha niliyoona siwezi kuieleza.

Kisha Shangazi akasema alhamdulillahi, basi wiki ijayo itolewe zaka, na kila mwenye hisa apewe fungu lake, taslimu. Na mwaka huu tulete milioni tatu. Nikairudisha sambusa sahanini. Benki tuna elfu sitini na moja!

Jumatatu, 5 Januari
Sikati tamaa. Faida iliyopandishwa hushushwa. Nimeandika makatoni mia sita yameingia wadudu. Loise akauliza vipi tende tulizokwisha kuuza ziingie wadudu mikononi mwetu. Nimefuta. Mwanamke huyu ana roho ngumu.

Alhamisi, 8 Januari
Maalim Mzamil amekuja afisini, Ndia Kuu, kupiga hesabu ya zaka. Shangazi na Abdulbasit pembeni. Nikaona mwanya. Nikamweleza Maalim kwamba tende zile, kusema kweli, hazijauzwa sawasawa: wenye maduka hawajalipa hata senti, na wana ruhusa ya kurudisha. Nilijua zaka itashuka.

Maalim akaweka kalamu chini. Akasema, "Zimeuzwa au hazikuuzwa, mwanangu, zaka iko pale pale. Ila kama hazikuuzwa, faida hii umeitoa wapi?"

Shangazi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Jaffar, baba, nipe funguo za afisi," akasema. Nikampa. Abdulbasit akakikalia kiti papo hapo, kikiwa bado na joto langu. Nimeumia, wallahi. Nilijifungia chooni nikalia.

Jumanne, 20 Januari
Kutwa nasukuma mkokoteni, duka kwa duka, nikirudisha makatoni. Gunga amenisaidia kupakia, akanicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, 21 Januari
Shangazi amenionea huruma. Nimekuwa msimamizi wa ghala! Anasema huko siwezi kuharibu kitu. Abdulbasit naye ataandika vitabuni hesabu yoyote nitakayompa. Yoyote! Amesomea nini huyu?

Nimehesabu mara mbili: makatoni elfu moja mia tisa na sitini. Nimemwandikia elfu moja mia tano. Bidhaa zikipungua kwenye karatasi, faida yake nayo inapungua. Mwisho wa mwaka ataleta hasara, Shangazi atahamaki, na mimi nitaitwa nirudi juu. Safari hii hakuna pa kushikwa.

Kabla ya kuondoka Abdulbasit alinipa karatasi nitie sahihi. Inasema hesabu yangu italinganishwa na hati za Loise za makatoni yaliyorudi, na kila katoni litakalopungua litakatwa kwenye mshahara wangu. Nimetia sahihi haraka haraka, asije akashuku kitu.