Boksi la Sindano Lisilojazwa

Zahanati ya Ng'wabuki,
Jumapili.

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Mimi ni Masalu, mfagizi wa zahanati hii mwaka wa kumi na moja, na kabla ya hapo mshindiliaji wa magunia ya pamba. Ninaomba, bila chuki yoyote, umhamishe Nesi Anisia. Apelekwe Chato, akale sangara. Sababu ni hizi:

1. Zamani sindano ikishatumika ilirudishiwa kifuniko chake. Anisia amekataza, eti anayerudisha kifuniko hujichoma kidole. Sasa sindano zinaingia kwenye boksi uchi, mbele ya wagonjwa.

2. Boksi lenyewe halikai mbali naye hata hatua mbili. Zamani tulitembea na sindano mkononi hadi stoo, tukisalimiana na watu njiani. Salamu zimekufa.

3. Alinichanja homa ya ini mara tatu. Mheshimiwa, nimechomwa sindano tatu ili nisichomwe sindano! Wachimbaji waliokuja kufungwa vidonda walicheka hadi mmoja akasahau maumivu ya mguu wake.

4. Hili ndilo limenitoa machozi. Boksi likifika robo tatu, analifunga. Robo tatu! Usukumani gunia halifungwi lina nafasi. Pamba tunaikanyaga, kiroba cha mawe ya dhahabu tunakitikisa, hata mgeni tunamshindilia ugali. Nilimweleza kwamba kiganja changu kinaweza kupata nafasi ya sindano thelathini zaidi. Akanijibu mbele ya foleni nzima, "Baba Limi, hiyo si pamba."

Nisalimie ofisi yote, na dereva wako, yule anayesinzia.

Wako mwenye ufagio,
Masalu (Baba Limi)

Baada ya kuandika: Leo Jumatatu, kabla sijaituma barua hii, Anisia akiwa anamalizia kumzalisha mama mmoja, nilishindilia boksi kidogo tu kuthibitisha hoja ya nne. Sindano ikaingia kiganjani. Hakunisema. Alinipeleka bombani, maji yanayotiririka na sabuni, akanikataza kukamua damu, akanipima, akaandika taarifa, na chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomeza kidonge cha kwanza cha kuzuia virusi vya UKIMWI. Zimebaki siku ishirini na saba za vidonge. Mama Limi ananihesabia, na hanicheki.

Kwa hiyo uhamisho usubiri siku hizo ziishe. Kisha usubiri nipimwe tena. Kisha usahau.

Ila tuma maboksi, tena mengi. Siku hizi kwetu hayajazwi.