Betri Juu ya Mabati

Jumatano, 27 Agosti

Gari limekataa kuwaka. Nimezungusha ufunguo mara tisa. Tik, kisha kimya.

Sababu naijua, ila simwambii mtu. Jana sokoni Nyamache niliunganisha spika na betri ya gari, nikatangaza mapazia yangu tangu asubuhi hadi saa kumi. Injini nilizima ili niokoe petroli ya Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Binti yangu Janat anaripoti chuo cha ualimu. Wa kwanza kwetu! Nilimwahidi tangu akiwa darasa la nane kwamba nitampeleka mimi mwenyewe, kwa gari letu, hadi getini. Ploti nzima hapa Kiogoro inajua.

Mke wangu Fardosa anasema niazime chaja kwa kaka yake, Abdimajid. Abdimajid! Yule aliyeniuliza siku ya Idi, mbele ya wageni, kama gari langu ni la kuendesha au la kukalia. Heri nimbebe Janat mgongoni.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimepata akili. Mawe ya redio yakiisha nguvu, kila mtu anayaanika juu ya mabati, na jioni redio inaongea. Marehemu mama alisikiliza taarifa ya habari maisha yake yote kwa mawe ya kuanikwa. Sasa betri ya gari ni nini kama si jiwe kubwa la redio?

Saa tatu nikapanda ngazi nayo. Jua kali, safi kabisa. Bosire, fundi wa magari, akapita na kuuliza nimeweka nini huko juu. Nikamwambia natengeneza mfereji wa maji.

Saa nane, mvua. Mvua ya huku haibishi hodi. Nikapanda mbio, nikateleza, betri ikalala ubavu. Maji yake ya asidi yakatiririka juu ya mabati na kudondokea kamba ya nguo. Kwenye kamba kulikuwa na nini? Blanketi jipya la Janat la kwenda nalo chuo.

Matundu saba. Nikasema ni panya. Fardosa akauliza ni panya gani anayetembea juu ya kamba wakati wa mvua. Janat alilikunja matundu yakiwa ndani, akasema bado litatia joto. Niliona aibu sana. Hata hivyo sikusema ukweli.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimerudisha betri mahali pake. Baada ya swala niliwakamata wanaume sita mlangoni mwa msikiti, waje wasukume gari. Njia yetu inateremka hadi kijitoni, mteremko wa maana! Wakafunga kanzu viunoni, wakasukuma. Nikapiga kelele, tena, tena! Gari likaenda vizuri mno. Kuwaka tu ndiko hakukuwepo. Tukafika chini, mteremko ukaisha.

Bosire alikuwa pale anaosha pikipiki. Akaniambia gari la automatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata lisukumwe hadi ziwani. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu lilipotengenezwa.

Kulirudisha juu, wale sita wote wakakumbuka kazi zao kwa pamoja. Gari linalala kwenye migomba ya watu. Mmoja wa waliosukuma ni Abdimajid. Alipangusa kanzu yake tu, polepole. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimenyoosha mikono. Nikamtuma Fardosa akaazime chaja, aseme ni yeye anayeihitaji. Akainama, akaitoa chini ya kitanda. Kaka yake aliileta tangu Alhamisi! Walikuwa wananingoja niombe.

Bosire aliongeza maji ya betri, akaniagiza: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, dirisha wazi, na mikono yangu ikae mbali. Stima haikupotea siku nzima. Alhamdulillahi.

Jumapili, 31 Agosti

Limewaka! Nimelipandisha kutoka kijitoni nikipiga honi hadi mlangoni. Janat aliruka kama mtoto wa nasari. Akasema alijua tu, Baba hashindwi.

Ningeishia hapo. Wallahi, ningeishia hapo tu.

Alasiri wageni walikuja kumsomea Janat dua. Abdimajid alikaa karibu na mlango na kikombe chake cha chai. Nikasema leo ataijua betri. Nikaunganisha spika. Kaswida kwanza, halafu hotuba yangu kuhusu uvumilivu, ndefu kiasi. Magharibi nikawasha na taa za gari zimulike uwanja. Injini nimezima, petroli ni ya safari.

Abdimajid akaja kuninong'oneza kwamba pengine niwashe injini kidogo. Nikamjibu kwa spika kwamba kuna wageni waliokuja kula na wageni waliokuja kufundisha. Watu wakacheka. Kicheko kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya.

Jumatatu, 1 Septemba

Tik.

Janat amesimama na sanduku lake. Anatakiwa chuoni kabla ya saa tano, na chaja inataka siku nzima. Saa moja unusu Abdimajid akaingia na gari lake. Hakuna aliyemwita. Hakucheka pia. Sanduku, ndoo, Fardosa na shangazi yake wakaingia. Nafasi yangu ikachukuliwa na godoro.

Janat alifungua dirisha akasema nisijali, nitamfuata siku ya kufunga chuo. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapunga mkono hadi wakapotea, na bado nikaendelea kupunga. Kisha nikaingia kwenye gari langu, nikalia. Najuta. Betri haikumalizwa na spika. Ilimalizwa na mdomo wangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Janat amepiga simu. Chakula ni kizuri, wenzake chumbani ni watu wazuri. Kulikuwa na fomu ya kutiwa sahihi na mzazi. Fardosa alikuwa kwenye foleni ya malazi, kwa hivyo Abdimajid ndiye aliyetia, mahali palipoandikwa baba. Janat alisema haraka haraka kwamba ni karatasi tu.

Akaniambia siku ya kufunga nije vyovyote, hata kwa bodaboda. Kwamba anayetaka kumwona pale getini ni mimi, si gari.

Kisha nikafikiri vizuri. Mtoto ananionea huruma. Gari analitaka, ila anaona haya kuliomba. Mimi ni baba yake, namwelewa.

Kwa hivyo leo nimepanda hadi Manga kwa bwana Mose, muuza magari makuukuu, na tumepeana mikono, nanunua pikapu. Haina betri kabisa. Mose alianza kunieleza, nikamkatiza. Betri isiyokuwepo itaishaje?